Patalo Yenye Kuzeeka Mbele ya Kuvaliwa

Pita siku yoyote ku soko ya Kenya hapa Lubumbashi, ao Kadutu kule Bukavu, ao Virunga kule Goma, uangalie namna patalo za jinzi zinapangwa. Kuko zile za bulu nzito, ngumu, zenye kusimama sawa mbao. Kuko zingine zenye mapaja meupe, magoti yenye kupasuka, na mikunjo juu ya mapaja sawa vile mutu aliivaa miaka kumi akichimba ndani yake. Sasa uliza bei. Mara mingi ile yenye kuonekana muzee ndiyo inakatwa bei ya juu. Mama mwenye kupita na kitunga chake anatikisa kichwa: "Batoto ba leo! Banauzisha matambala, na bei banapandisha." Muuzaji anacheka, anamujibu: "Mama, hii haiko tambala. Hii iko mode."

Wote wawili wanasema kweli. Lakini kati yao hakuna mwenye anauliza ulizo lenye limetusukuma kuandika ukurasa huu: ule uzee, nani aliutia? Juu patalo mingi za namna ile, mbele ya kufika ku dukani ya kwanza kule Ulaya ao Marekani, hakuna mutu alikuwa amezivaa hata siku moja. Goti halikupasuka juu ya kupiga magoti. Paja halikuwa jeupe juu ya jua. Kuko mutu, katika kiwanda fulani, mwenye alilipwa kwa kuizeesha, na kazi ile ina ufundi wake, dawa zake, na hatari zake. Wengine iliwaua. Leo tunataka kueleza namna inafanyika, hatua kwa hatua, juu patalo hizi zinaishia kwetu, mupya ao mitumba, na sisi ndio tunazivaa.

Rangi yenye haifiki ku moyo wa uzi

Kwanza tufahamu sababu gani jinzi inachakaa kwa namna yake ya pekee. Shati nyekundu ukiisafisha mara mingi, yote inafifia pamoja, pole pole. Jinzi hapana. Jinzi inakuwa nyeupe pale tu inasuguliwa: ku goti, ku matako, ku pembe ya mufuko, pale simu ao pochi inakaa.

Siri iko ndani ya uzi. Kitambaa cha jinzi ni cha pamba, na kina nyuzi za namna mbili. Nyuzi za kusimama zinatiwa rangi ya nili, ile bulu ya tangu zamani. Nyuzi za kulala zinabakia nyeupe. Geuza patalo yako ndani-nje, utaona: upande wa ndani ni mweupe-mweupe, juu kule nyuzi nyeupe ndizo zinaonekana zaidi.

Nili nayo ina tabia yake. Haiyeyuki ndani ya maji. Ili ishike pamba, wafundi wanaitia dawa kwanza, inageuka ya rangi ya manjano na kijani, na hapo inayeyuka. Uzi unazamishwa, unatolewa, na wakati unapogusa hewa, rangi inarudi bulu mbele ya macho. Wanazamisha tena, wanatoa tena. Lakini hata wakirudilia mara mingi, rangi inabakia pembeni ya uzi, haifiki katikati. Ni sawa muhogo: ganda lina rangi, ndani ni mweupe. Ukikwangua ganda kidogo, weupe unatokea. Ufundi wote wa kuzeesha jinzi ni huo tu: kutafuta namna ya kukwangua ganda la bulu bila kukata uzi.

Patalo ya wachimbaji

Jinzi haikuzaliwa kwa ajili ya mode. Sisi wenye kusoma Kifaransa tunaweza kusikia historia yake ndani ya majina yenyewe: wengi wanaeleza ya kama denim inatoka kwa muji wa Nîmes, Ufaransa, wenye ulijulikana kwa vitambaa vyake, na jean inatoka kwa Gênes, bandari ya Italia. Tarehe 20 Mei 1873, kule Marekani, Levi Strauss, muuzaji wa vitambaa wa San Francisco, na Jacob Davis, fundi wa kushona wa Reno, walipewa hati ya serikali juu ya wazo moja dogo: kukaza pembe za mifuko ya patalo na riveti za shaba ili zisipasuke. Ndiyo, shaba, madini yenye kulisha Katanga yetu. Na wateja walikuwa watu wa kazi nzito: wachimbaji wa madini, wakata miti, wafanyakazi wa njia ya reli.

Nyuma, mwaka 1897, kampuni ya Ujerumani BASF ilianza kuuza nili ya kutengenezwa kiwandani, na ile ya kutoka katika majani, yenye Uhindi ilikuwa inauza kwa wingi, ikapoteza soko. Bulu ikawa rahisi kupatikana, na patalo ya kazi ikaenea.

Kwa watu wale, weupe wa ku goti ulikuwa ni alama ya miaka. Ukiona patalo, unasoma kazi ya mutu. Hakuna fundi alikuwa na wazo la kuuza alama ile. Lakini kisha vita ya pili ya dunia vijana wa Marekani na wa Ulaya walianza kupenda jinzi, hata wale wenye hawajawahi kushika sululu. Na patalo mupya ilikuwa ngumu, ilikuwa inakwangua ngozi. Wengine walikuwa wanaisafisha mara nyingi mbele ya kuivaa, wengine wanaitia javeli nyumbani, wengine wanaisugua na jiwe. Wenye viwanda wakaona: kama watu wanajisumbua namna hii, sisi tutafanya kazi ile kwa nafasi yao, na tutawauzia.

Mawe, javeli na kuvu

Katika miaka ya 1970 njia ya mawe ikaenea. Nani aliianzisha, watu wanabishana mpaka leo: Wafaransa Marithé na François Girbaud wanatajwa sana, lakini kuko kampuni za Japani na za Kanada zenye kusema ni wao. Njia yenyewe ni rahisi kufahamu. Wanachukua mashini kubwa ya kusafisha nguo, wanatia patalo pamoja na mawe, wanazungusha. Mawe yanagonga na kusugua, bulu inatoka, kitambaa kinakuwa laini.

Lakini si jiwe lolote. Wenzetu wa Goma wasifikiri ni lava ile nzito yenye wanajengea nyumba zao. Ni jiwe lingine la volkano, lepesi, lenye matundu mengi, lenye kuelea juu ya maji. Ni ile wamama wanasuguliaka visigino. Inachimbwa Uturuki, Indonesia na kwingine. Na ina shida zake: inapiga mashini mpaka inaiharibu, inavunjika na kuwa muchanga, inajaa ndani ya mifuko ya patalo, na matope yake yanaziba mifereji.

Dawa ya shida ile ilitoka mahali pa ajabu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, askari wa Marekani wenye walikuwa ku visiwa vya Pasifiki waliona mahema na nguo zao za pamba zinaoza mbio. Wenye elimu wakachunguza, wakakuta kuvu moja yenye kutoka visiwa vya Solomon, yenye kula pamba kwa kutoa maji-maji ya kuikata vipande vidogo. Kuvu ile inaitwa leo Trichoderma reesei, kwa heshima ya Elwyn Reese, mumoja wa wale wenye waliichunguza. Maji-maji yale ni ya jamii ya enzime. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, viwanda vya jinzi vinatumia enzime za namna ile, zenye kutoka katika kuvu mbalimbali. Unatia kidogo tu ndani ya maji ya vuguvugu, inakula nyuzi za juu-juu zenye rangi, kisha unaisimamisha kwa moto ao kwa kubadilisha maji. Kitu chenye kilikuwa adui wa askari kikawa mufanyakazi wa mode.

Kisha kuko dawa za kuchuna rangi. Ya kwanza munaijua wote: javeli. Jina lake linatoka kwa kijiji cha Javel, pembeni ya muto Seine, chenye sasa kimemezwa na muji wa Paris. Kule ndiko ilitengenezwa mwisho wa karne ya 18. Javeli inafanya patalo yote iwe nyeupe-nyeupe. Lakini mode inataka weupe wa mahali moja tu, ku mapaja na ku matako. Kwa hiyo wanatumia permanganati, ile dawa ya rangi ya zambarau yenye zamani watu walikuwa wananunua ku farmasi kwa kuosha vidonda. Wanaipuliza na pistole ya rangi pale wanataka. Kitambaa kinageuka zambarau, kinakuwa kahawia, kisha wanakiosha ndani ya dawa ingine, na weupe unatokea. Mufanyakazi mwenye kushika pistole ile bila maski nzuri anavuta ule ukungu kutwa muzima.

Bado kuko kazi ya mukono. Patalo inavalishwa juu ya mipira ya umbo la miguu yenye kujazwa hewa, na mufanyakazi anasugua na papie ya emeri: hapa mikunjo ya mapaja, hapa goti, hapa pembe ya mufuko. Mwingine anashika kisu ao mashini ndogo ya kuzunguka, anatoboa matundu. Ukiona ku goti nyuzi nyeupe zimebakia zikikingama sawa kamba, ujue mutu alikata nyuzi za bulu na kuacha zile nyeupe makusudi. Si ajali. Ni ufundi.

Muchanga wenye kuua

Sasa tufike kwa habari yenyewe. Kati ya njia zote, moja ilikuwa mbio sana na rahisi sana: kupuliza muchanga. Unahitaji kompresa, mupira wa kupitisha hewa, na muchanga. Hewa inasukuma muchanga kwa nguvu juu ya patalo, na kisha dakika kidogo paja limekuwa jeupe, laini, zuri kuliko kazi ya mukono. Hakuna dawa ya kununua. Hakuna fundi wa kufundisha miaka. Kijana wa leo asubuhi anaweza kuanza kazi leo mangaribi.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 kazi hii ilijaa Uturuki, inchi yenye kushona jinzi mingi kwa soko ya Ulaya. Ilifanyika katika vyumba vidogo vya Istanbul, vingi bila kuandikwa ku serikali, vyenye madirisha ya kufungwa. Wafanyakazi walikuwa vijana, wengi wao kutoka vijiji maskini vya mashariki ya inchi, zaidi jimbo la Bingöl, na wengine wageni kutoka inchi za jirani. Ndugu alikuwa anaita ndugu: njoo, kazi iko, malipo si mabaya. Kuko vijiji vyenye vilitoa vijana wengi sana kwa njia hiyo. Ku pua walikuwa wanafunga kitambaa ao maski ya karatasi. Wengine walikuwa wanalala mule mule kazini, ndani ya vumbi.

Ubaya wa vumbi lile ni hivi. Muchanga wa kawaida una silika nyingi. Wakati unapigwa kwa nguvu, unavunjika kuwa vumbi laini kabisa, lenye jicho haliwezi kuona. Vumbi kubwa unalikohoa, unalitema. Lile laini linapita mpaka mwisho wa mapafu, na mwili hauna namna ya kulitoa. Mapafu yanajitetea kwa kujenga makovu pembeni yake. Makovu yanaongezeka, yanakuwa magumu, na pahali pa kupitisha hewa panapungua. Ndiyo silikozi. Hakuna dawa ya kuiponya. Na inafungua mulango kwa kifua kikuu.

Kwa wachimbaji wa madini, silikozi ya kawaida inachukua miaka kumi, ishirini ao zaidi mbele ya kuonekana. Kwa vijana wa jinzi ilichukua miaka kidogo tu, juu vumbi lilikuwa zito mno na chumba kimefungwa. Katika miaka ya 2000 waganga wa chuo kikuu cha Atatürk, muji wa Erzurum, walianza kupokea vijana wenye kukosa pumuzi sawa wazee. Waliuliza kazi gani walikuwa wanafanya. Jibu lilikuwa moja: jinzi. Mbele ya hapo hakuna munganga alikuwa anafikiri ya kama kiwanda cha nguo kinaweza kuleta ugonjwa wa machimbo.

Munganga Metin Akgün na wenzake walichunguza watu 145 wenye walifanya kazi ile. Mwaka 2008 walitangaza: 77 kati yao walikuwa na silikozi. Yaani zaidi ya nusu. Miaka nyuma walirudi kuwatafuta, na matokeo yalitoka mwaka 2015. Tisa walikuwa wamekwisha kufa. Umri wao, ukihesabu kwa katikati, ulikuwa miaka 24. Kati ya wale 74 wazima wenye walipimwa tena, mara ya kwanza 55 kwa mia walikuwa na ugonjwa. Sasa ilikuwa karibu 96 kwa mia. Hapa musomaji asimame kidogo. Watu hawa hawakuwa tena ndani ya vumbi. Walikuwa wameacha kazi. Lakini vumbi lenye lilikuwa limeingia liliendelea na kazi yake.

Wagonjwa, familia zao, waganga na maavoka walifanya kamati, wakapiga kelele. Mwezi wa Machi 2009 wizara ya afya ya Uturuki ilikataza kupuliza muchanga juu ya nguo. Mwaka 2011 sheria ikaruhusu wagonjwa wa silikozi wapate pesa ya kila mwezi, hata wale wenye hawakuandikwa popote. Na hilo halikuwa jambo dogo, juu wengi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha ya kama walifanya kazi kule. Patroni alikuwa amefunga mulango na kuhama. Mwezi wa Septemba 2010 kampuni Levi Strauss na H&M zilitangaza ya kama hazitapokea tena patalo ya kupulizwa muchanga, na zingine zikafuata.

Kukatazwa pahali moja si kuisha. Mashirika yenye kutetea wafanyakazi wa nguo yalitoa ripoti mwaka 2012 juu ya Bangladesh na mwaka 2013 juu ya China: mupira wa hewa na muchanga ulikuwa ungali unafanya kazi katika viwanda vya kule, hata kwa patalo za majina yenye yalisema yameacha. Na pale muchanga uliachwa kweli, mara ingine permanganati ilichukua nafasi yake. Mode haikubadilika. Duka liliendelea kuomba goti jeupe, kwa bei ile ile, kwa siku zile zile. Kama kiwanda hakipewi pesa ya mashini nzuri, wala wakati wa kusugua kwa mukono, kitatafuta njia ya mukato.

Hapa kwetu, vumbi tunalijua

Kwa nini tunaandika habari ya Istanbul katika gazeti la Lubumbashi? Sababu ya kwanza: neno silikozi si la kigeni kwetu. Katika familia zenye baba ao babu alifanya kazi chini ya udongo, wengi wanajua ile kikohozi yenye haiishi na ule muzee mwenye kupumuzika mara tatu mbele ya kufika ku mulango. Mwenye kutoboa jiwe kavu, mwenye kusaga mawe, mwenye kukata kokoto, mwenye kupuliza muchanga juu ya chuma ili kutoa kutu, wote wanavuta vumbi moja na lile la wale vijana wa Bingöl. Kama musomaji anafanya kazi ya namna hiyo, ao aliifanya zamani, na sasa pumuzi inamukatika, aende ku lopitalo na aseme wazi: nilifanya kazi fulani, miaka kazaa, ndani ya vumbi. Asingoje munganga aulize. Silikozi ku radio inaweza kufanana na kifua kikuu, na mutu anaweza kupewa dawa ya ugonjwa mumoja tu wakati anao miwili. Na kazini, jambo la kwanza ni maji: jiwe lenye kulowana halirushi vumbi sana. Kitambaa ku pua hakitoshi.

Sababu ya pili: mito. Katika Afrika yetu, Lesotho inashona jinzi kwa soko ya Marekani, na wenye inchi waliona maji ya bulu yanatoka ku viwanda na kuingia ndani ya mito yenye watu wanachota. Siku moja kutakuja hapa mutu mwenye mali na mupango wa kiwanda cha kusafisha jinzi, na wengi watafurahi juu ya kazi. Sisi pia tungefurahi. Lakini tujue mapema kuuliza: maji yatatoka wapi, yatasafishwa wapi, hewa ya ndani itapimwa na nani?

Sababu ya tatu ni vijana wetu wenyewe, wenye wanazeesha patalo nyumbani na javeli. Hatuwakatazi, Wakongo tunapenda kuvaa, na tangu wakati wa Papa Wemba na wasapeur wake dunia yote inajua. Lakini wafanye inje, pahali penye hewa, na gants ku mikono. Wasichanganye javeli na ndimu, siki, ao dawa ya kusafishia choo hata siku moja: inatoa gazi yenye kuchoma mapafu. Na wasiache patalo ndani ya javeli usiku muzima, juu javeli haijui kusimama ku rangi. Ikimaliza bulu, inaanza kula pamba, na kisha wiki mbili matako yanapasuka ku kanisa.

Njia zenye kufaa zaidi ziko

Leo kuko mashini za lazeri. Mwangaza wa nguvu unachoma juu-juu ya uzi, unatoa bulu, unachora mikunjo na goti sawa vile ordinatera inaagiza. Hakuna muchanga, hakuna permanganati. Kampuni ya Jeanologia ya Valencia, Uhispania, inajulikana kwa kuuza mashini hizo. Mwaka 2018 Levi Strauss ilitangaza ya kama itapeleka kazi ya mukono kwa lazeri: mutu mumoja kwa mukono alikuwa anamaliza patalo mbili ao tatu kwa saa; lazeri inamaliza moja kwa sekunde 90. Kuko pia ozoni, gazi yenye kufifisha rangi na maji kidogo.

Ni habari nzuri kwa mapafu. Kwa mufuko wa mufanyakazi ni habari ingine, juu mashini moja inachukua nafasi ya mikono mingi. Na lazeri ni ya bei. Kompresa na muchanga si kitu. Ndiyo maana mambo mawili yanaishi pamoja katika dunia moja: patalo ya lazeri na patalo ya vumbi, na ku soko zinalala juu ya baschi moja.

Basi, namna gani mununuzi ataijua ile ya vumbi? Kwa macho hataijua. Tusimudanganye. Weupe wa muchanga, wa emeri, wa permanganati na wa lazeri, fundi mwenyewe anaweza kukosea. Chenye mununuzi anaweza kutofautisha ni uzee wa kweli na uzee wa kununua. Patalo yenye ilivaliwa kweli haina miguu miwili ya kufanana: goti moja limechoka kuliko lingine, mufuko mumoja una alama ya pochi, pindo la chini limelika upande wa kisigino. Ile ya kiwandani mara mingi ina mikunjo ileile kushoto na kuume, sawa picha ndani ya kioo. Ukipata ku balo patalo yenye kuzeeka kwa miguu ya mutu, nunua bila wasiwasi: mwenye kuitia uzee ule alikuwa mwenyewe ndani yake.

Na kwa mwenye kununua mupya, shauri letu ni la mukono mufupi: twaa ile ya bulu nzito. Mara mingi ni ya bei ndogo, haikukwanguliwa, nyuzi zake zote zingali nzima, itadumu zaidi. Itakuwa ngumu mwezi wa kwanza, ndiyo. Kisha pikipiki, jua, sabuni na kazi yako vitaanza kuandika juu yake. Goti lako litakuwa jeupe pale unapiga magoti, si pale patroni wa mbali aliagiza. Na kwa uzee ule, hakuna kijana mwenye atakuwa amepoteza pumuzi yake.